Waya Iliyosema Mapema

Kwa mkono wa Sylvia,
S.L.P. 614,
Kakamega.

14 Februari, 1999

Mpendwa mjukuu wangu, na mume wangu, Andati,

Wewe ni mtu wa aina gani? Mwaka mmoja na nusu! Hata mbuzi akikata kamba hurudi jioni kuangalia kama kuna maji. Wewe ulipanda ile pikapu mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba, chai hukumaliza, babu yako mdogo Joash hukumuaga, ukaniacha nimesimama na vumbi mdomoni. Tangu hapo ni kadi za Krismasi zenye picha ya theluji. Theluji nitaifanyia nini mimi? Sijasoma lakini kuhesabu najua. Nimehesabu kadi mbili na barua tatu, na ndani ya barua zote tatu hakuna neno hata moja la maana. Nilikasirika sana. Sasa nimemaliza, acha nikusalimu.

U hali gani, baba? Kifua chako kimezoea ile baridi? Unakula? Mama yako mdogo Sylvia, ambaye ndiye ananiandikia, amenisomea barua yako ya Oktoba mara mbili, na mara zote mbili nilisikia njaa ndani yake. Kama huko Leeds hakuna obusuma, ugali wetu, si kuna viazi? Kula viazi. Usirudi hapa ukiwa na shingo kama ya ndege, watu watasema nimekuroga.

Sisi hapa Khwisero tuko, Mungu anatutazama. Mimi ni goti la kushoto tu, limekuwa na kiburi, linakubali kupanda mlima na linakataa kushuka. Ng'ombe amezaa ndume. Mahindi yalijaa mpaka baba yako mdogo Sammy akajenga ghala la pili. Khalayi, binti wa Sammy, ameolewa Butere, na ile blanketi uliyoniletea nimempa yeye, kwa hiyo usije ukaitafuta kitandani kwangu.

Hizo ndizo habari ndogo. Sasa, kama umesimama, kaa. Kama unakula, maliza kwanza, barua hii haipoi.

Nataka kuongea juu ya ile picha.

Najua ulikataza. Wakati wa Pasaka uliandika, "Kukhu, tafadhali tusiitaje tena ile picha, ilikuwa kosa la waya." Halafu Oktoba ukaandika kwamba siku hizi hupigi watu picha, unapiga saa za mkono na sahani tu. Sylvia alipofika hapo nilimwambia arudie. Akarudia. Saa na sahani! Mjukuu wa Elkanah, mtu aliyewapiga picha mabibi harusi kutoka Butere mpaka Kakamega, na wengine akiwa amewapiga pia wakibatizwa. Hapo ndipo nilijua kwamba wewe mwenyewe huamini kwamba ilikuwa waya. Mtu anayeamini ni waya hununua waya nyingine, hawaachi watu.

Basi nitayasema yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu ulichoona wewe si lazima kiwe ndicho nilichoona mimi, na mengine yametokea ukiwa umeshakimbia.

Babu yako Elkanah Andati, ambaye jina lake la nyumbani ndilo lako, ndiyo maana nakuita mume wangu, aliinunua kamera ile kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, mwaka wa uhuru. Unaijua: sanduku jeusi, jicho moja mbele, na unaitazama kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Tulikaa nayo katika studio yetu ya Amalemba, pale Kakamega mjini, miaka ishirini na minane, mimi nikishika taa, nikibadilisha balbu, nikiwapangusa watoto kamasi. Sijui kusoma, lakini sanduku lile nalijua kuliko ninavyoyajua meno yangu. Najua mgongo wake unatoka na kurudi, na ni lazima utie lile bati jembamba kwanza, la sivyo mwanga unaila filamu yote.

Alipokufa tulifunga mlango, na Were, mlinzi wa jumba, akabaki na ufunguo.

Halafu ukaja wewe. Mwajiri wako alikuwa amekutuma Nairobi kupiga picha vinyago vya makumbusho, ukaomba siku tatu, ukaleta yale masanduku yote mpaka Amalemba. Ulisimama mlangoni ukasema, "Kukhu, leo Kuka atapiga picha tena." Kuka, yaani babu yako aliyekwisha kufa! Neno hilo lilinifurahisha na likanitia baridi, yote kwa pamoja. Sikukuambia. Nilichukua ufagio nikafagia mavi ya panya.

Ukautoa mgongo wa filamu, ukaweka ule mgongo wako wa kompyuta, kitu kizito cheusi chenye mikia. Mkia mmoja ulikwenda kwa mashine. Mwingine, mwembamba kama kamba ya kiatu, ukauchomeka kwenye tundu dogo kando ya jicho. Nikakuuliza huo ni wa nini. Ulinieleza vizuri, nakusifu, hukunieleza kama mtu anayemweleza mjinga. Ulisema filamu haihitaji kuambiwa kitu, mwanga ukiingia inaupokea tu. Lakini mgongo huu mpya unalala, na kamera ya zamani ni bubu, haina namna ya kuuamsha. Kwa hiyo waya ndiyo inapeleka habari: sasa, jicho limefunguka, pokea. "Bila waya, Kukhu, jicho litafunguka na kufumba, na mgongo hautajua kama kuna mtu alipita."

Picha ya kwanza ikawa nyeusi. Ya pili nyeusi. Ukailamba ncha ya waya, ukaibana kwa koleo, ukasema tundu limelegea, ukalifunga kwa uzi wa kushonea. Nyeusi. Ukaanza kutukana kwa Kiingereza, ukidhani sielewi. Nikakuambia:

"Wewe, geuza kile kijiti."

"Kijiti gani, Kukhu?"

"Hicho hapo kando ya jicho. Kiko kwenye paa mbili. Kipeleke kwa msalaba uliolala."

Ukanitazama kama mtu aliyesikia kuku akiomba chumvi. Kwa maana mimi herufi ninazijua hizo mbili tu, ambazo Sylvia anasema ni M na X. Paa mbili ni za zile balbu za zamani za Elkanah, za kuungua. Zilikuwa zinachelewa kushika moto, kwa hiyo waya ilizitangulia, ikaziambia kabla jicho halijafunguka. Lakini taa zako hazingoji mtu. Ukiziambia mapema zinawaka na kuzima, na jicho linafunguka likikuta giza. Ulikigeuza. Picha ikatoka. Ukacheka mpaka ukaketi sakafuni.

"Kumbe waya ilikuwa inasema mapema!"

Ukanibusu kichwani. Sijasikia tena kicheko chako tangu hapo.

Ukaniketisha kwenye kigoda, pazia jeusi la Elkanah nyuma yangu, kitambaa cheupe kichwani. Ukaniambia mgongo huo hauoni rangi, ni lazima upige mara tatu kupitia vioo vitatu, chekundu, cha kijani, cha bluu, halafu mashine ishone zote tatu ziwe picha moja. Ukasema nisipumue. Ukazima balbu ya dari. Ukasema, "Tazama hapa, usicheke meno yote," kama babu yako alivyokuwa anasemanga, na sauti ilikuwa yake, Andati. Sijui uliitoa wapi. Ulikuwa Leeds alipokufa.

Taa ikawaka mara moja. Ukageuza kioo, ukazungusha kishikio cha kamera polepole isisogee, ukarudia yale ya meno. Ikawaka mara ya pili. Ukageuza. Mara ya tatu. Kati ya ya kwanza na ya pili nilisikia pazia likinigusa bega. Sikusema, kwa sababu uliniambia nisipumue.

Tulichoona kwenye mashine unakijua. Mimi nilikuwa nimetoka vizuri, na rangi zangu zote, kama mke wa chifu. Na juu ya bega langu la kushoto kulikuwa na shati. Shati tu, halina kichwa, la kijani kama jani la mgomba. Na juu ya shati kiganja kimeinuliwa, cha kijani pia, vidole vimeachana.

Kile kiganja mimi nilikijua. Elkanah alikuwa anakiinua hivyo kabla ya kubonyeza, watu watazame pale.

Lakini wewe hukusema Kuka. Wewe ulitazama shati ukasema "Baba." Mara moja, kwa sauti ya mtoto. Halafu ukasema, "Ni waya, Kukhu, waya imekosea," ukaanza kung'oa mikia, na kabla sijavaa viatu ulikuwa unapakia pikapu.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Baba yako Osiako aliondoka hapa mwaka wa sabini na nane kwenda kuchimba dhahabu Zaire, wewe ukiwa na miaka sita. Miaka sita mingine hatukusikia neno. Halafu akaja mtu na koti lake, na ndani ya koti kipande chake cha utambulisho, akasema shimo liliwaangukia watu kumi na mmoja. Wewe unajua kwamba ukoo ulikata shauri tuzike mgomba mahali pake, kama tunavyofanya mwili usipopatikana. Si kweli. Ukoo haukukata shauri lolote. Joash alisema tungoje. Elkanah alisema koti si mtu. Mimi ndiye niliyesema azikwe.

Nilikuwa nimechoka, Andati. Kila jioni nilikuwa nafunika sahani yake, asubuhi nawapa kuku. Miaka sita nikilisha kuku chakula cha mwanangu. Nikasema, leteni mgomba, muukate, muuvishe koti, muuzike, nilie yaishe. Wakanitii kwa sababu wananiogopa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye kifungua mimba, tukakupa udongo wa kwanza ukautupa. Elkanah, aliyepiga picha matanga ya watu wote wa hapa, siku hiyo hakuleta kamera. Alisema filamu imeisha. Kabatini kulikuwa na tano. Nilizihesabu.

Mama yako akavaa nguo za ujane kwa ajili ya mgomba, na akafa nazo miaka minne baadaye. Hilo nalo liko juu yangu.

Kwa hiyo ulipoondoka na pikapu yako, usifikiri mimi nilibaki nikicheka. Kaburi liko hatua thelathini kutoka mlango wangu. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nikiliongelesha asubuhi, nikilieleza mvua, nikilieleza habari zako. Baada ya ile picha niliacha. Niliogopa litanijibu. Nilikuwa napita mbali kwenda kuchota maji, mzee mzima nazunguka kama mwizi ndani ya boma langu. Nilijua amekuja kuniuliza, mama, haraka ilikuwa ya nini?

Nikakaa hivyo mpaka mwezi wa sita mwaka jana, nilipokwenda Amalemba kulichukua lile pazia nilifue. Were akanifungulia. Akasimama pale akichokonoa jino kwa kijiti cha kiberiti.

"Mama Osiako, yule jamaa wa shati jeupe alipatanga picha yake?"

"Jamaa gani?"

"Si yule aliingia mkipiga? Alisema yeye ni wa nyumba. Mimi nikajua ni fundi wa stima, maana mlikuwa mmezima."

Nikashika mlango.

"Were, alikuwa na uso?"

"Ai, Mama! Kwani fundi wa stima hukosanga uso?"

"Akatoka vipi?"

"Mbio! Nikasema, leo stima imempata."

"Alisema nini? Neno lolote."

Akafikiri, akatema mate chini. "Akiingia aliuliza kama bado unatafuna mawe."

Mjukuu wangu, nilikaa kwenye ngazi na goti langu halikulalamika. Yale mawe laini ya sokoni, nilianza kuyatafuna nikiwa na mimba ya Osiako, na alipokua ndiye nilikuwa namtuma kuyanunua. Babu yako hakujua. Sammy hajui mpaka leo, isipokuwa Sylvia amwambie baada ya kuandika hapa.

"Na mbona hukuniambia mwaka mzima?"

"Mama, si hukuuliza."

Ningempiga, lakini nilihitaji mdomo wake. Akasema alimwona tena mara moja, Malinya, siku alipokwenda kutazama mafahali wakipigana. Alikuwa kando ya uwanja ananunua njugu.

Nilikwenda Malinya mara nne. Mara ya nne wachimbaji dhahabu wa huko wakaniambia kuna mzee anaitwa Zaire, anaponda mawe kule chini mtoni, haongei na mtu. Nilikuwa na kikapu, nimebeba obusuma na ingokho, kuku aliyepikwa, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua namna ya kumjaribu: mzimu haumezi chakula. Nikamkuta ameinama na chuma mkononi. Nywele nyeupe. Mgongo wa Elkanah kabisa. Akainua macho, hakusimama.

"Mama, usikaribie," akasema. "Si mmenizika?"

"Kula."

"Mama..."

"Kula kwanza. Tutaongea ukimeza."

Nikampa firigisi, kwa sababu hiyo ni ya mwanamume mwenye nyumba, na nilitaka kuona kama ataichukua. Aliitazama muda mrefu. Akaitia mdomoni. Nikaitazama ikishuka kooni, Andati, kama vile unavyotazama wewe mashine yako. Ilipopita nilipiga kelele mpaka wale wa shimo la pili wakatoka wakidhani kumeporomoka. Nikampiga makofi mawili, moja la kwenda na moja la kurudi bila kuja kwangu. Halafu nikamkumbatia. Ni mfupa mtupu.

Baba yako yuko hai. Sylvia amelia hapa akiandika, samahani kwa hilo doa.

Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni mwa shimo siku lilipoanguka, yeye amekwenda kutafuta maji. Aliogopa kushtakiwa kwa wafu, akakimbilia mbali zaidi, yakafuata mambo ya vita na jela ambayo anayasema nusu nusu, na mimi simchokonoi. Mwaka wa tisini na sita alifika Busia, akakutana na mtu wa kwetu, akamuuliza kama anamjua Osiako wa Elkanah. Mtu akamwambia, "Huyo alizikwa zamani, mimi mwenyewe nilikula ng'ombe wake." Akajua hawezi kupita kwenye lango. Mtu aliyezikwa haingii nyumbani kama mgeni. Akageukia Malinya, kazi ya mashimo akiijua.

Siku ile alikuja mjini kuuza vumbi lake la dhahabu, akaona watu wamezunguka pikapu, akasikia mmoja akisema ni ya mtoto wa marehemu Osiako. Marehemu akiwa amesimama pale! Akaingia kwa nyuma, akatokeza kando ya pazia akuone tu, basi. Aliingia taa ya kwanza ikiwa imeshawaka. Anasema alikuwa amekaribia kukuita. Lakini palikuwa giza, na katika giza hilo akasikia sauti ya Elkanah, baba yake, ambaye ameambiwa amekufa, ikisema "Usicheke meno yote." Taa ikampiga usoni. Akakimbia kabla ya ile ya tatu.

Ndiyo maana alikuwa kijani tu. Aliingia baada ya nyekundu akatoka kabla ya bluu. Nguo ilikuwa nyeupe ikaonekana, ngozi yetu na pazia ni giza kwa giza. Mimi sijasoma, lakini hilo nimelishona mwenyewe.

Mmeona ujinga wenu? Yeye alikukimbia kwa sababu una sauti ya babu yako. Wewe ukamkimbia kwa sababu ya shati lake lenye rangi ya ule mgomba uliouzika. Wote wawili mmekimbia watu wa nyumbani.

Kuna jambo moja tu limebaki, na sitalificha, kwa sababu nimeapa barua hii iwe na yote. Nimemuuliza mara tatu kama aliinua mkono. Mara tatu amejibu, "Hapana, mama, mikono yangu ilikuwa mfukoni." Ya tatu alikasirika. Sikuambii ule ni mkono wa nani. Nakuambia alichosema tu. Kama ile picha bado iko ndani ya mashine, iache huko huko, usiniletee.

Badala yake, humu ndani ya bahasha kuna nyingine. Nimeipiga mimi. Ndiyo, mimi, usinicheke. Nilitoa sanduku la Elkanah chini ya kitanda, nikarudisha mgongo wake wa zamani, nikaweka filamu moja iliyokuwa imebaki kabatini, nikaenda nayo Malinya mchana jua likiwa juu, bila taa, bila waya. Huyo ndiye baba yako, ameketi kwenye jiwe lake, ana uso na ana kivuli. Fundi aliyeisafisha alisema filamu ilikuwa imezeeka mno. Kwa hiyo ukungu unaouona pale kifuani pake ni wa filamu, si wa mtu. Nimeona nikuambie mapema, maana nakujua.

Sasa nisikie. Baba yako anakohoa. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema vumbi la mawe limejaa kwenye mapafu, akaniambia nimlishe vizuri. Daktari akianza kuongea habari ya kulisha mtu mzima, najua ana maana gani. Hana miaka, ana miezi. Na hawezi kufika kwangu. Joash, mzee wa kanisa, alipokutana naye barabarani aliingia kwenye miwa akapoteza kofia. Alipotoka, ndipo tukakaa chini kuongea.

"Shemeji," akaniambia, "mtu hana makaburi mawili. Lile lifunguliwe kwanza."

"Basi Sammy alifungue kesho."

"Si Sammy. Aliyetupa udongo wa kwanza ndiye anautoa."

"Yuko Ulaya!"

"Wewe ndiye uliyempa ule udongo."

Hilo ni kweli. Ulisema mwenyewe siku ile, waya ilikuwa inasema mapema. Mimi ndiye waya hiyo. Nilisema mapema, mwanangu akarudi akakuta giza. Akifa Malinya kabla hujaja, watamzika wachimbaji, kwa jina la Zaire, na mimi nitalazwa kati ya Elkanah na mgomba uliooza. Nimekuwa mwanamke mkali maisha yangu yote na sijawahi kumwomba mtu. Nakuomba.

Usiniambie habari ya kazi. Saa na sahani hazizeeki, zitakungoja.

Sammy anakusalimu, anasema umletee redio ndogo, mimi nasema usimletee. Sylvia anakusalimu sana, mkono umemuuma. Khalayi na mumewe wanakusalimu kutoka Butere. Were anakusalimu, na anauliza kama ana kesi. Joash anakusalimu na ameshanunua kofia nyingine. Mungu aliyemtoa baba yako shimoni akufunike ukilala na akutangulie ukiamka, akulinde angani na barabarani.

Ukija, njoo kabla ya Pasaka, na usije Khwisero kwanza. Shuka Malinya, mbele ya uwanja wa mafahali. Nitamwambia baba yako asimame hapo kando ya lami kila Jumamosi tangu saa nne. Atakuwa amesimama mbali kidogo, wala hatakuja kwako. Usifikiri hakupendi, amezoea watu kumkimbia. Kwa hiyo wewe ndiye utatembea. Usimwite kutoka mbali, usianze na maneno. Mshike mkono kwanza, salamu baadaye, na usimwachie mpaka mfike hapa kaburini, ambapo nitakuwa nimesimama na jembe.

Ni mimi, nikupendaye hata nikikutukana,

Kukhu wako,
Maximilla